Saa Moja, Winnipeg

Asubuhi yangu huanza usiku.
Kabla sijalala natandaza nguo zao sakafuni,
fulana ndani ya sweta, soksi ndani ya suruali,
watoto wawili bapa
wanaosubiri kujazwa.
Hili sikufundishwa. Mwaka wa kwanza
tulitafuta soksi kila alfajiri
kama watu waliopoteza hati ya nyumba.

Saa kumi na moja na nusu nashuka bila taa.
Ngazi ya tatu hulia; nairuka.
Nje, gari limechomekwa kwenye umeme injini isigande,
waya wa rangi ya chungwa umekatiza theluji
kama kitovu.

Chai kwanza. Yangu, peke yangu, nimesimama,
iliki mbili na sukari ambayo daktari haijui.
Dakika tisa. Sizigawi na mtu.
Kisha ulezi, paketi ya mwisho ya shangazi Bishara,
mwiko unazunguka, uji unaguna,
na hapo ndipo nyumba huanza kuwa nyumba.

Saa moja kamili nawasha taa ya korido tu.
Siwaiti. Naimba kidogo; siimbi vizuri;
wanaamka ili ninyamaze.

"Saa ngapi?" anauliza Sauda, miaka sita.
"Saa moja."
"Yako, au ya shule?"
Ya shule ni saba. Yangu ni moja.
Nilikwisha kumweleza: sisi huhesabu tangu jua litoke,
saa ya kwanza ya mwanga ndiyo moja.
Leo amefungua pazia. Giza totoro,
taa ya barabarani, katapila la theluji likipita na kimulimuli chake.
"Basi saa yako imeharibika, Baba.
Jua lenyewe halijafika sifuri."

Sina jibu. Namwekea uji.

Wanasema haraka haraka haina baraka.
Waliosema hawakuwa na basi la shule.
Lakini nami nina msahafu wangu wa mlangoni:
choo kwanza, hata kama hasikii haja,
hasa kama hasikii;
suruali ya theluji, buti, koti, kofia, skafu,
na glavu mwisho, za kwao kabla ya zangu,
kwa maana mwenye glavu hafungi zipu ya mtu.
Hemedi ana miaka mitatu na buti zake ziko kinyume.
Nimeziacha. Zitatembea.

Saa mbili kasorobo, ufunguo.
Mwajabu anaingia na baridi yake,
kope zina barafu, mikono inanuka dawa ya kunawia,
zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee.
Tuna dakika nne, mimi na yeye, kwa siku.
"Wamekula?"
"Wamekula."
"Na wewe?"
"Nimekula."
Ananitia ndizi mfukoni bila kubishana.

Halafu, juu ya vichwa vyao, kwa sauti ya chini:
"Mzee Kowalchuk ametutoka. Saa tisa.
Nilikuwa nimemshika mkono."
Nimepiga goti, zipu ya Hemedi imekwama kwenye skafu,
nami sijui nifungue nini kwanza.
Anachutama kando yangu.
Mkono uleule unashika kitambaa, wangu unavuta,
na zipu inapanda hadi kidevuni.
"Haya," anasema. "Nendeni. Mtachelewa."

Kituoni pumzi zetu zinasimama kama watu wengine watatu.
Basi la njano linafika saa mbili na robo.
Nyuma ya paa la kanisa pameanza kupauka,
rangi ya maji ya mchele.
Sauda anapanda, anafuta kioo kwa kiwiko,
ananitazama, anainua mkono,
kidole gumba na cha shahada vimekutana:
sifuri.

Ndipo najua mkono ule hauna glavu.
Iko kwenye mfuko wangu, na ndizi.
Basi limekwisha kukata kona.
Hemedi anataka ndizi.
Namenya, kwa vidole vitupu, haraka.